Kuhamia Igogo: mistari ya kuitazama kabla hujalipa kodi au kununua kiwanja

Watu wanaotaka kuhamia Igogo huniuliza kwanza habari za vibaka. Vibaka wapo. Kuna vichochoro vya kilimani ambavyo hata wenyeji hawavipiti peke yao usiku, na ukitembea umeshika simu mkononi giza likishaingia unaweza kunyang'anywa. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi ya mipango miji hapa Mwanza, walioumia zaidi mbele ya macho yangu hawakuumizwa na kibaka. Waliumizwa na mahali nyumba yao ilipokaa. Walinunua au kujenga ndani ya mstari ambao sheria ilishauchora, au chini ya mteremko ambao mvua huutumia kila mwaka, na siku mambo yalipobadilika mtaani wakajikuta wao ndio wanaoondolewa.

Kwa hiyo ukiniuliza uhamie au usihamie, nitakuuliza kwanza: wapi hasa ndani ya Igogo? Kata ni moja, ila hatua hamsini zinaweza kutenganisha nyumba ya kukaa miaka thelathini na nyumba ya kuikimbia.

Kwa asiyepafahamu, Igogo ipo kusini ya katikati ya jiji, wilayani Nyamagana, pale Barabara ya Kenyatta inapouacha mji kuelekea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Upande wa ziwa kuna bandari ya Mwanza Kusini, reli na viwanda vya samaki. Upande wa pili kimesimama kilima cha mawe makubwa, na nyumba zimekipanda mpaka juu, nyingi zikiwa zimejengwa kabla mpimaji hajafika. Harufu ya sangara na mapanki (mifupa na vichwa vya samaki vinavyobaki viwandani) utaizoea au hutaizoea; siku ambayo upepo unatoka ziwani, jibu utalipata mwenyewe. Faida yake kubwa ni umbali. Mjini unafika kwa miguu, bila nauli ya daladala asubuhi na jioni, na kwa anayeanza maisha nauli hiyo ni chakula cha nyumbani.

Inasemwa kwamba Igogo inabadilika, na hayo si maneno ya madalali tu. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na magari ya Geita na Kagera yaliyokuwa yakisubiri kivuko sasa yanapita moja kwa moja na kuingia jijini kwa upande huu wa kusini. Jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021. MV Mwanza, meli ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, imejengwa hapo hapo bandari ya Kusini. Chanzo kipya cha maji cha Butimba kimesanifiwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, juu ya zile za chanzo cha zamani cha Capripoint. Ukiyaweka haya kwenye ramani unaona wazi kwamba uzito wa jiji unaelemea kusini, na Igogo ipo njiani. Jiji lenyewe nalo limejaa: sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, wilaya ya pili ya jiji, na ardhi tambarare iliyo karibu na mjini ilishakwisha zamani.

Ila barabara, reli na bandari zinahitaji nafasi. Mtaa ukibadilika, aliye nje ya mstari hupanda thamani na aliye ndani yake huambiwa apishe.

Tuanze na ziwa, kwa sababu ndilo linalowavuta wengi. Dalali atakusimamisha uwanjani na kukuambia, "Bosi, hapa unaoga upepo, maji haya hapa." Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaihesabu ardhi ya namna hiyo kuwa hatarishi. Ukijenga humo, siku ya kubomolewa usitegemee fidia, hata kama karatasi yako ya mauziano ina muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi wanne.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba ukingo wenyewe hautulii. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili na halikurudi lilikokuwa. Mwaka 2006 lilishuka sana, ufukwe ukawa mpana, na mahali palipokuwa maji pakaonekana kama kiwanja. Mei 2020 likapanda hadi kupita rekodi ya miaka ya sitini, na lilipopanda liliingia majumbani, kwenye gati na kwenye mashamba pande zote za ziwa. Mtu aliyepima mita zake 60 mwaka 2006 na aliyepima mwaka 2020 hawakuanzia mahali pamoja.

Ndiyo maana nashauri kiwanja cha karibu na maji kitazamwe mwezi wa tano au wa sita, mvua za masika zikishaishia ziwani na maji yakiwa juu. Ukienda mwezi wa kumi utaoneshwa nchi kavu. Tazama mimea: matete yakiwa yameota, au udongo ni mweusi na laini chini ya tabaka la kifusi, ziwa limewahi kufika hapo na litarudi. Tazama kuta za nyumba za jirani, alama ya maji haifichiki kwa chokaa. Kisha mtafute mama mtu mzima aliyekaa hapo tangu ujana wake, umwamkie shikamoo, ukae. Usimuulize kama maji hufika. Muulize mwaka maji yalipofika, wao walihamia wapi.

Jambo jingine la ziwani, na hili ni la wenye watoto: kichocho. Konokono wanaokibeba wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, yale yale ambayo watoto hupenda kuyachezea. Ukihamia karibu na maji, panga mapema watoto wataoga wapi na nguo zitafuliwa wapi, na wakifika umri wa shule hakikisha wanameza dawa zinapogawiwa.

Barabara na reli nitazipitia haraka kwa sababu mistari yake inaonekana. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, kutoka mita 22.5 za zamani. Ukikuta nyumba ina alama ya X ya kijani, mwenyewe anatambuliwa kwamba sheria mpya ndiyo iliyomkuta, na barabara ikihitaji eneo hilo anastahili kulipwa. X nyekundu ni habari nyingine: huyo alijenga ndani ya hifadhi iliyokuwapo tayari. Nimeona fremu za duka zikipakwa rangi mpya upesi upesi kabla ya mteja kuja, kwa hiyo pita upande wa nyuma, na angalia majirani pia. Reli ina mipaka yake na bikoni zake, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini. Barabara inayobeba mzigo wa Kenyatta, kwa maoni yangu, haitabaki na upana ilionao, na mtu mwenye busara anunue kana kwamba upanuzi umeshaamuliwa.

Sasa kilima. Hapa ndipo ningependa usome polepole, maana Igogo yenyewe ni kilima na wahamiaji wengi wataishia huko.

Mawe ya Mwanza ni mazuri kwenye picha. Kwenye kiwanja ni suala la kitaalamu. Jiwe kubwa lililokaa mteremkoni limeshikwa na udongo ulio chini yake, na udongo huo ndio watu wanaouchimba ili wapate mahali pa kusawazisha nyumba. Wengine huchoma mwamba kwa moto upasuke, wapate kokoto za kuuza. Kabla ya kukubali nyumba, inua macho utazame mawe ya juu yako: chini yake pamechimbwa? Kuna mfereji mpya wa mvua unaokula udongo pembeni? Mti uliokuwa ukishika ardhi umekatwa? Ukiona mawili kati ya hayo, ondoka, hata kama kodi ni nusu ya kwingine.

Halafu choo. Samahani kwa wasiopenda kulizungumza hili, lakini ndilo linaloamua afya ya mtaa mzima. Kwenye mwamba huwezi kuchimba shimo refu, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi na hujaa haraka, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha choo mtaroni, na uchafu wa juu hushuka kwa wa chini, kisha ziwani. Kipindupindu hupata njia hapo. Ndiyo maana mradi ninaouthamini kuliko yote niliyoyataja, kuliko hata daraja, ni ule wa mabomba membamba ya majitaka yaliyopitishwa katikati ya nyumba za vilima vya Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Mabomba haya hayahitaji barabara pana. Yanafuata vichochoro, yanateremka na kilima chenyewe, na nyumba ikiunganishwa shimo linafungwa. Nimesimama mbele ya kaya ambazo kwa mara ya kwanza mtoto anacheza mlangoni baada ya mvua bila mama yake kuogopa.

Swali lako kwa mwenye nyumba basi ni hili: nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka? Akisema ndiyo, omba uoneshwe chemba. Halafu uliza habari za jirani aliye juu yako, maana ukiunganishwa wewe na yeye akabaki na shimo, maji yake bado yanakuja kwako.

Kuna pia ngazi. Mwenye miaka ishirini na tano atazipanda na ndoo kichwani huku anaimba. Mzee mwenye magoti, mjamzito wa miezi minane, mtoto aliyeshikwa na homa usiku, hao ni hesabu nyingine. Bodaboda itaishia chini, na gari la wagonjwa na la zimamoto pia. Mgonjwa hushushwa mgongoni au kwenye kiti cha plastiki na vijana wa mtaa, na vijana hao huja bila kuulizwa, jambo ambalo hutalikuta kwenye mitaa yenye mageti. Hata hivyo kama unaishi na mama mzazi mwenye miaka sabini, usimpandishe kilimani kwa sababu ya unafuu wa kodi. Tafuta nyumba chini, karibu na barabara inayopitika, hata ikiwa ndogo.

Usiku wa mtaa nao unapimika. Mama lishe wanaofungua kabla ya alfajiri na dada wanaofunga meza za samaki usiku wanajua kila njia. Waulize wanapita wapi wakirudi na pesa za mauzo. Njia wanayoitaja ndiyo njia yako, na nyumba yako iwe karibu nayo. Uliza pia kama ulinzi shirikishi unafanya kazi au ni jina tu.

Kwa hiyo, anayefanya kazi mjini au bandarini, hana mzee wala mtoto mchanga, ningemwambia hamia, upange sehemu ya katikati ya kilima, nyumba iliyounganishwa majitaka, na ulipe miezi sita hata kama mwenye nyumba anataka mwaka. Miezi sita iangukie masika, utaijua Igogo yote. Kununua ni baadaye. Mpangaji mstari ukimkuta anabeba vitu vyake; halipwi thamani ya nyumba, lakini pia hajaizika akiba yake kwenye ukuta. Mnunuzi anayekaa nje ya mistari na mwenye haki inayotambuliwa, yeye ardhi ikitwaliwa kwa mradi wa umma anastahili kulipwa thamani ya ardhi na alichojenga, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi.

Na ukihamia, naomba usihamie kama mpita njia. Kila mgeni mwenye kipato kidogo cha ziada anayekubali kodi yoyote atakayotajiwa anamsogeza mtu mwingine juu zaidi kilimani, kwenye mawe na mbali na bomba, na mara nyingi huyo ni mama anayekausha dagaa na wanawe. Patana kodi kama wanavyopatana wenyeji. Changia ulinzi. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, ukaulize mitaro inasafishwa lini na nani hajaunganishwa majitaka, kwa sababu mtu aliyesoma akiuliza swali hilo mbele ya mwenyekiti na watu wote, huwa linaandikwa.

Kabla ya kumpa dalali shilingi yoyote ya kununua, fanya mambo mawili ofisini. Nenda idara ya ardhi na mipango miji ya jiji na namba ya kiwanja au vipimo vya mahali kutoka kwenye simu yako, uombe kuoneshwa mchoro wa mipango miji wa eneo hilo: utaona kiwanja kimepangiwa makazi, njia, eneo la wazi au hifadhi. Kisha kama kina hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililosajiliwa na kama kuna mkopo juu yake. Kama kina leseni ya makazi tu, au kipo kwenye urasimishaji (kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango) ambao haujakamilika, muulize afisa umefika hatua gani na jina la nani limeandikwa kwenye kipande hicho. Muuzaji akikataa kuongozana nawe mpaka dirishani, achana na kiwanja hicho.