Kuchukuliwa drafti siyo kufika ligi kuu ya besiboli, jamani

Haya turudie tena hili la drafti ya besiboli, yaani klabu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi, maana nimechoka kulijibu simu moja moja. Juzi mzee mmoja wa kwetu, tupo naye huku huku Marekani, kanipigia saa tano usiku: "Kocha, kijana kachukuliwa, yuko ligi kuu!" Raundi ya ngapi mzee wangu? "Ya 17." Nikanyamaza, sikutaka kumtia nyongo.

Hii siyo basketi, kwamba unacheza chuo mwaka mmoja na Oktoba uko NBA. Besiboli ina raundi 20 na karibu wote wanaanzia ligi ndogo, safari za basi usiku kucha, ngazi kwa ngazi mpaka Triple-A (ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo), wengi wanaishia njiani. Hata Paul Skenes, namba 1 wa drafti ya 2023 kutoka chuo cha LSU, alipitia huko kabla klabu yake ya Pittsburgh haijamwita ligi kuu Mei 2024, na huyo ndo kawahi!

Sasa kinachoniudhi kabisa ni hii ya "acha amalize digrii kwanza". Kwa digrii sawa, kwa hela hapana. Ukishaingia chuo cha miaka minne hawakuchukui mpaka umalize mwaka wa tatu au ufikishe miaka 21 (chuo cha miaka miwili ni kila mwaka, ndo maana wengine wanakimbilia huko). Wa mwaka wa tatu akiitwa ana pa kushikia: ongezeni, la sivyo narudi darasani. Wa mwaka wa nne anarudi wapi? Klabu inalijua hilo, na kwa vile fungu la bonasi (hela za kusaini) la raundi 10 za kwanza lina kikomo, inampa kiduchu, kilichobaki kinaenda kwa mtoto wa sekondari anayeringa. Nimekaa na kijana wa hivyo, simu iko spika, katajiwa kiasi, kasema "sawa, asante", hata dakika haijaisha, chai yake bado inatoa moshi.

Ila kugoma nako siyo ujinga. Aaron Judge, nyota wa Yankees ya New York, klabu ya Oakland walimchukua 2010 raundi ya 31, akakataa, akaenda chuo cha Fresno State, 2013 Yankees wakamchukua wa 32 kwa jumla. Mfano huo nilikuwa nautumia kila kikao, siku hizi naogopa, maana kuna anayekataa hela ana miaka 18 halafu kano ya kiwiko inakatika akiwa chuo, na mimi ndo nilimshauri.

Na magongo je? Chuo wanapigia ya alumini, huko juu mbao tupu, kwa hiyo takwimu za mwanao nazitazama kwa jicho moja mpaka nimwone kwenye ligi ya kiangazi ya wanachuo ya Cape Cod, wanakotumia mbao. Hata hapo nimeshakosea sana tu.

Mzee kanitumia meseji asubuhi, anauliza tiketi za mechi ya kwanza zinauzwa wapi. Sijamjibu bado.