Vita vya Pemikani: jinsi chakula kilivyozua vita katika biashara ya manyoya

Vita vya Pemikani ni mgogoro uliotokea kati ya mwaka 1812 na 1821 katika bonde la Mto Red, eneo ambalo leo liko katika jimbo la Manitoba, Kanada. Waliohusika ni kampuni mbili za biashara ya manyoya, walowezi kutoka Uskoti, mataifa ya wenyeji ya Wakree na Waojibwe, na Wametis, watu waliotokana na ndoa za wafanyabiashara wa Kizungu na wanawake wenyeji. Ukisikia biashara ya manyoya unaweza kudhani watu waliuana kwa sababu ya ngozi za wanyama. Hapa waliuana kwa sababu ya chakula, na kwa sababu ya swali la nani ana haki ya kusema chakula hicho kiende wapi.

Pemikani ilitengenezwa kwa nyama ya baisani, nyati wakubwa wa nyanda za Amerika Kaskazini. Nyama ilikatwa vipande vyembamba, ikakaushwa juani au juu ya moto, kisha ikapondwapondwa mpaka ikasagika. Ilimiminiwa mafuta ya mnyama yuleyule yaliyoyeyushwa, mara nyingine ikatiwa matunda ya porini, halafu ikashindiliwa ndani ya mfuko wa ngozi na kushonwa. Mfuko mmoja ulikuwa na ratili 90 hivi, yaani kilo 40. Ikihifadhiwa vizuri, ilikaa miaka bila kuharibika. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kukausha, kuponda, kuyeyusha na kushona, ilifanywa na wanawake. Kumbukumbu za kampuni zimejaa majina ya wanaume waliopiga makasia na waliotia saini mikataba, lakini waliolisha biashara nzima ni wanawake hao, na inafaa wapewe haki yao.

Kwa nini chakula hiki kilikuwa na thamani kubwa hivyo? Ulaya ilitaka ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia. Kadiri biva walivyopungua mashariki, wafanyabiashara walisogea magharibi na kaskazini, hadi nchi ya Athabasca, maelfu ya kilomita kutoka Montreal. Safari zilifanywa kwa mitumbwi ya magome ya miti, katika miezi michache tu ambayo mito haijaganda. Mpiga makasia alifanya kazi tangu alfajiri hadi jioni na hakuwa na muda wa kuwinda, na mtumbwi uliojaa bidhaa haukuwa na nafasi ya akiba ya miezi. Ilibidi pemikani iwasubiri kwenye vituo vya njiani. Sehemu kubwa ilitoka nyanda za Mto Red na Mto Assiniboine, hivyo aliyezifunga nyanda hizo aliifunga na njia ya kwenda Athabasca.

Kampuni ya Hudson's Bay ilikuwa na hati ya Mfalme Charles II ya mwaka 1670, iliyoipa nchi yote ambayo mito yake humwaga maji katika Ghuba ya Hudson. Wenye nchi hawakuulizwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu utaratibu huo: mwaka 1888 kampuni ya William Mackinnon nayo ilipewa hati ya kifalme kuendesha mambo katika sehemu ya eneo letu. Mpinzani wa Hudson's Bay alikuwa Kampuni ya North West ya Montreal. Hii haikuwa na hati ya aina hiyo, lakini ilikuwa na mtandao mpana wa vituo, na Wametis wengi walifanya kazi nayo au waliiuzia pemikani.

Mwaka 1811 Hudson's Bay ilimkabidhi Thomas Douglas, Lodi wa Selkirk, kiasi cha kilomita za mraba 300,000 katika bonde hilo. Eneo hilo, lililoitwa Assiniboia, ni kubwa kuliko kisiwa kizima cha Britania. Selkirk, mwenye hisa katika kampuni hiyo, alitaka kuwapa makao wakulima wa nyanda za juu za Uskoti waliofukuzwa na makabaila ili mashamba yao yageuzwe malisho ya kondoo. Huruma yake kwa watu hao ilikuwa ya kweli. Lakini aliponya dhuluma ya Uskoti kwa kuleta nyingine Amerika, kwa kuwa nchi aliyowagawia ilikuwa na watu, na ilikuwa ndiyo ghala la mpinzani wa kampuni yake.

Walowezi wa kwanza walifika mwaka 1812, mahali ambapo leo ni Winnipeg. Kilimo hakikuwashibisha, wakaishi kwa nyama ya baisani. Tarehe 8 Januari 1814, gavana wao Miles Macdonell alitoa tangazo la kupiga marufuku kwa mwaka mmoja kutoa pemikani nje ya Assiniboia bila kibali chake. Watu wake walikamata mamia ya mifuko ya North West. Baadaye akakataza pia kuwinda baisani kwa farasi karibu na makazi. Kwa Wametis hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja: mgeni aliyefika juzi, na aliyelishwa na wenyeji, alikuwa anawapangia jinsi ya kuwinda kwao.

North West ilijibu mwaka 1815. Ilimkamata Macdonell, ikawashawishi walowezi wapatao 140 wahamie mashariki, na waliobaki wakafukuzwa na nyumba zao kuchomwa moto. Mwaka huohuo makazi yalirudishwa, na gavana mpya, Robert Semple, akawasili. Mwaka uliofuata upande wa Hudson's Bay uliteka na kubomoa ngome ya North West iliyokuwa pale, hivyo mto ukafungwa kwa pemikani.

Ndipo Cuthbert Grant, kijana wa Kimetis, alipoongoza wapanda farasi kupeleka pemikani kwa njia ya nchi kavu, wakiizunguka ngome ya Semple. Tarehe 19 Juni 1816 Semple aliwafuata na watu kama ishirini na kitu, wakakutana mahali paitwapo Seven Oaks. Maneno yalizidi, risasi zikaanza, na muda mfupi baadaye Semple na watu wake 20 walikuwa wamekufa. Upande wa Wametis alikufa mmoja. Kwa muda mrefu tukio hilo lilisimuliwa kama mauaji ya kikatili ya Wametis dhidi ya watu wasio na hatia. Hata hivyo, William Coltman, kamishna aliyetumwa kuchunguza, aliona kuwa risasi ya kwanza yaelekea ilitoka upande wa Semple.

Mwaka 1817 Selkirk alifanya mkataba na Peguis wa Waojibwe pamoja na viongozi wengine wanne, kuhusu ukanda wa ardhi kandokando ya mito, kwa malipo ya ratili 100 za tumbaku kila mwaka kwa Waojibwe na kiasi hichohicho kwa Wakree. Peguis ndiye aliyewasaidia walowezi katika miaka yao ya njaa. Alipokuwa mzee alilalamika hadharani kwamba ardhi ile haikuwa imeuzwa.

Kesi na hasara ziliwachosha wote, na mwaka 1821 kampuni mbili ziliungana kwa jina la Hudson's Bay. Wametis waliendelea kuwinda na kuuza pemikani, na Grant mwenyewe baadaye akaajiriwa na kampuni aliyoipiga vita. Swali la ardhi lilibaki bila jibu. Mwaka 1869 kampuni ilikubali kuikabidhi Kanada nchi yote ya hati ya mwaka 1670 kwa pauni 300,000, tena bila kuwauliza waliokuwa wakiishi humo. Wametis wakiongozwa na Louis Riel walisimama kupinga, na mwaka 1870 jimbo la Manitoba likaundwa kutokana na upinzani huo. Kampuni yenyewe iliachiwa sehemu moja kati ya ishirini ya ardhi yenye rutuba, ikawa inawauzia walowezi kidogo kidogo kwa miongo iliyofuata.