Kadi za Chekhov kisiwani Sakhalin

Kila mwaka wanafunzi wangu wa fasihi ya Kirusi hukwama mahali palepale. Wamezoea hadithi fupi na tamthilia za Anton Chekhov, kisha nawapa Kisiwa cha Sakhalin, kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1895, nao wanakuta hesabu ya nyumba, mifugo, mashamba na wagonjwa. Wananiuliza mwandishi mwenyewe kaenda wapi. Nawaambia wamtafute kwenye kadi.

Aprili 1890 Chekhov aliondoka Moscow akiwa na miaka 30, daktari ambaye tayari alikuwa akikohoa damu. Ujenzi wa reli ya kuvuka Siberia ulikuwa bado haujaanza. Alisafiri kwa treni, kwa meli za mtoni, na kwa majuma mengi kwa gari la farasi kwenye tope na mafuriko, hadi Julai alipofika Sakhalin, kisiwa cha mashariki kabisa ambako dola ya Tsar ilipeleka wafungwa wa kazi ngumu. Huko alikaa miezi mitatu na ushee.

Alipofika alichapisha kadi kwenye kiwanda kidogo cha polisi wa kisiwa, akaanza kuhesabu watu mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Jina, umri, dini, alikozaliwa, mwaka wa kufika kisiwani, kazi, anajua kusoma au hajui, ana ndoa au hana. Kwa maelezo yake alijaza kadi kama 10,000. Humohumo kitabuni anakiri kwamba shabaha yake kuu haikuwa matokeo ya hesabu ile, bali yale ambayo angeyaona na kuyahisi wakati wa kuhesabu. Kwangu mimi hilo ndilo ungamo kubwa la kitabu kizima. Kadi ilikuwa hodi yake. Bila hiyo, mgeni kutoka Moscow angeingiaje katika kibanda cha mfungwa na kuketi?

Tazama swali la mwaka wa kufika. Ungedhani mtu hawezi kuusahau mwaka ule uliomvunjia maisha. Chekhov aligundua kwamba ni wachache waliojibu papo hapo. Mwanamke anasema kivivu, pengine ilikuwa 83. Mwanamume anayeishi naye anamkatiza kwamba ilikuwa 85. Wako pia waliojiandikisha kwa jina la Nepomnyashchy, yaani asiyekumbuka. Mwandishi mwingine angetupa kurasa kadhaa za huzuni juu ya watu waliopoteza hata kumbukumbu zao. Chekhov anaandika jibu alilopewa na kupita.

(Kwa msomaji wa Kiswahili Siberia si ngeni kabisa. Salim bin Abakari alisimulia kwa lugha yetu safari yake ya Urusi na Siberia, nayo imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokusanya Carl Velten mwaka 1901. Natamani visomwe pamoja.)

Sasa angalia lile ambalo kadi haikuliuliza: kosa. Hakuna mahali pa kuandika mtu alifungwa kwa nini. Kosa linajitokeza lenyewe. Katika kijiji cha Armudan ya Juu, Chekhov anamkuta nyumbani mvulana wa miaka kama kumi, peku. Anamuuliza jina la baba. Mtoto halijui vizuri, kwa sababu mwanamume wa nyumba hiyo si baba yake. Anamuuliza kama mama ana mume au ni mjane. Ni mjane, anajibu, aliletwa huku kwa sababu ya mume. Maana yake nini? Alimuua. Swali la ndoa ndilo limeifungua habari hiyo, na mtoto ameitamka kama anayetaja siku ya gulio. Nimeifundisha sehemu hii mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza.

Hesabu nyingine iko Dué, makazi mengine ya kisiwa hicho. Mfungwa anachapwa viboko tisini, na msimamizi anahesabu kwa sauti. Chekhov anashindwa kuvumilia, anatoka nje. Mfungwa mwingine anapita njiani, anatupa jicho kwenye nyumba ile, na hofu inaonekana hata katika mwendo wake. Chekhov anarudi ndani, anatoka tena. Msimamizi bado anahesabu.