Je, Wajua? Kinachomkasirisha Mchezaji wa Gemu Mara Nyingi Si Damu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kijana akicheza gemu za mauaji, moyo wake unazoea mauaji. Ushahidi wangu ulikuwa mdogo wangu mwenyewe. Nilimwona akitupa pedi ya kuchezea ukutani baada ya kupigwa risasi kwenye skrini, nikahitimisha kwamba zile risasi zimemwingia kichwani. Sikujiuliza kwa nini siku alizoshinda, baada ya kuua maadui wengi zaidi na kumwaga damu ile ile, aliinuka akipiga mluzi.

Hofu hii ilianza kitambo. Mwaka 1976 watu Marekani walilalamikia Death Race, mashine ambayo mchezaji aliendesha gari akigonga vijitu kwenye skrini ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1993 Seneti ya nchi hiyo ilijadili Mortal Kombat, gemu ya mapigano yenye damu nyingi, na mwaka uliofuata zikaanza alama za umri kwenye maboksi ya gemu. Wakati huo wote swali lilikuwa moja: damu ni nyingi kiasi gani?

Tatizo ni kwamba damu haiji peke yake. Ukichukua gemu ya vita na gemu ya kupanga maua, ukawapa watu wawili, mmoja akainuka amefura na mwingine ametulia, hujapima damu. Gemu ya vita ina kasi zaidi, ni ngumu zaidi, na ina mshindi na mshindwa. Ni sawa na kumpandisha mmoja mlima akiwa amevaa shati jekundu, mwenzake ukamtembeza tambarare kwa shati jeupe, kisha ukasema shati jekundu linatoa jasho. Nilipoliona hilo, nilirudi kwa mdogo wangu nikamwomba radhi.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kanada, Paul Adachi na Teena Willoughby, walijaribu kutenganisha shati na mlima. Baada ya kucheza, kila mshiriki alimwandalia pilipili mtu ambaye aliambiwa hapendi vikali. Waliolinganishwa kwanza ni wachezaji wa gemu ya mapanga na wa gemu ya mbio za magari, zote zikiwa na ushindani, ugumu na kasi inayokaribiana. Pilipili haikutofautiana. Katika jaribio la pili, gemu zenye ushindani mkali zilileta pilipili nyingi zaidi, ziwe na damu au zisiwe nayo. Mbio za magari zilikuwa upande wa ukali, na Left 4 Dead 2, ambayo ni kufyatulia risasi maiti zinazotembea kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikawa upande wa upole. Matokeo hayo bado yananifurahisha kila nikiyasoma.

Lakini ushindani nao unakasirisha kwa njia gani? Hapa ndipo palipo na kiini. Mwaka 2014 mtafiti Andrew Przybylski na wenzake walitumia Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, isiyo na hata tone la damu. Kwanza kila mshiriki alitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali kwa sekunde 25, akiamini kwamba muda huo umechaguliwa na aliyemtangulia. Kisha wengine walicheza Tetris ya kawaida, na wengine Tetris iliyobadilishwa kwa siri ili kila mara ilete kipande kisichofaa. Mwisho waliulizwa: anayefuata akae kwenye maji kwa muda gani? Waliochezeshwa ile mbovu walipendekeza takriban sekunde 10 zaidi kwa wastani.

Fikiria mlango wako mwenyewe. Ufunguo ni ule ule, mkono ni ule ule, lakini leo kufuli limegoma. Mara ya kwanza unajaribu tena taratibu. Mara ya tano unausukuma mlango kwa bega, na anayekusalimia wakati huo anajibiwa vibaya. Mlango haukukufundisha ukatili. Ulikunyima kitu ambacho mikono yako inajua kukifanya. Mlima mrefu haukasirishi hivyo, kwa sababu kila hatua inakupandisha. Kinachochoma ni kiatu kinachoteleza, hatua mbele na hatua nyuma, huku ukijua kwamba miguu yako ni mizima. Mchezaji ambaye hajazoea vitufe, au aliyekutanishwa na wapinzani waliomzidi mbali, yuko kwenye kiatu hicho.

Tusivuke mpaka wa ushahidi huu. Majaribio haya hupima hasira ya dakika chache, na pilipili au maji baridi si kumpiga mtu barabarani. Kwa upande wa muda mrefu, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 24 na vijana zaidi ya 17,000 ulikuta ongezeko dogo la ugomvi wa kimwili kwa wanaocheza gemu za ukatili. Mwaka uliofuata, utafiti wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, uliowauliza pia wazazi wao kuhusu tabia zao, haukukuta uhusiano. Mimi nausoma uzito wa ushahidi hivi: kama athari ya damu ipo, ni ndogo. Alama za umri ziendelee kuheshimiwa, maana mtoto mdogo anaweza kuogopa hata asipokuwa mkali.

Na ushirikiano? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwachezesha watu Halo II, gemu ya kufyatuliana risasi, wawili wawili, wengine wakipambana na wengine wakisaidiana, risasi zikiwa zile zile. Katika zoezi la kugawana lililofuata, waliosaidiana walielekea zaidi kwenye nipe nikupe. Naona kufuli lile lile hapa: limegoma, lakini safari hii kuna mwenzako anayekushikia mlango.

Matukio ya nje ya maabara si majaribio, na gemu hizo hizo huwakusanya pia watukanaji. Hata hivyo, mwaka 2005 ugonjwa wa kubuni uliposambaa kwa hitilafu ndani ya World of Warcraft, gemu ya vita inayochezwa na watu wengi mtandaoni, baadhi ya wachezaji wenye uwezo wa kuponya walikwenda kuwatibu wasiowajua.

Katika gemu hiyo hiyo alicheza Mats Steen wa Norwei, kijana aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli. Wazazi wake waliamini ameishi mpweke. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, walitangaza msiba kwenye blogu yake, na barua pepe zikaanza kuingia, ndefu, kutoka kwa watu aliokuwa akipigana vita bega kwa bega nao. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine kwenda kumzika.