Kukata mafuta pale gari linapoisukuma injini

Dereva anapoachia kabisa pedali ya mafuta huku gia imeingia na klachi haijakanyagwa, kazi hugeuka: badala ya injini kuyazungusha magurudumu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Katika hali hiyo injini haihitaji hata tone la mafuta ili iendelee kuzunguka, na kompyuta yake inaweza kuzifunga nozeli zote, yaani vinyunyizio vya petroli, mpaka dereva akanyage tena, au mpaka mizunguko ishuke na kukaribia sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Huo ndio ukataji wa mafuta unaoelezwa hapa.

Mwenye gari lisiloguswa hana la kufanya, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kupanga kila kitu. Suala huja kwa fundi anayeondoa kompyuta ya kiwandani na kufunga ile inayopangwa kwa mkono, kama MegaSquirt, jambo linalofanyika mara nyingi kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka mwaka 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6. Kompyuta humtaka aeleze mafuta yakatwe kuanzia mizunguko mingapi, pedali ikiwa wapi, mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi (njia inayoingiza hewa kwenye silinda) ukiwa chini ya kiasi gani, maji yakiwa na joto gani, na baada ya kusubiri muda gani. Masharti yote yatimie kwa pamoja, ndipo nozeli zifungwe.

Sharti la pedali ndilo linalosumbua mapema. MX-5 ya lita 1.6 yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na swichi inayotambua mambo mawili tu, pedali imeachiwa au imekanyagwa hadi karibu na mwisho, na kwa hiyo wengi hufunga sensa inayopima nafasi zote za katikati. Sensa hiyo isipowekwa sifuri sawasawa, ikasoma asilimia 3 pedali ikiwa imeachiwa ilhali kikomo kimewekwa asilimia 2, mafuta hayatakatwa kamwe. Kikomo kikilegezwa mno, mafuta hukatwa na kurudi wakati dereva bado ameshikilia mwendo kwa mguu mwepesi, na gari huruka-ruka barabarani.

Kukata si kazi ngumu. Ustadi unaonekana katika kuyarudisha mafuta. Sailensa ya injini hii ni mizunguko 850 hivi kwa dakika, na mtu mwenye hamu ya kubana mafuta hushawishika kuchelewesha urudishaji hadi 1,000. Lakini mafuta yakikatwa, utando wa petroli uliokuwa umelowesha kuta za njia ya hewa hukauka, na nozeli zinapofunguka tena, sehemu ya petroli ya kwanza huishia kulowesha kuta hizo kabla silinda hazijapata mchanganyiko unaowaka vizuri. Kwenye mizunguko 1,000, mzunguko kamili wa kazi wa silinda moja huchukua sekunde 0.12. Tuseme inahitajika mitatu ili injini ishike, na dereva amekanyaga klachi akikaribia kusimama, na injini inashuka kwa mizunguko 1,000 kila sekunde: itakapokuwa tayari kushika, imekwisha kufika 640 na pengine imezima. Urudishaji ukianza kwenye 1,500, hesabu hiyo hiyo inaiacha injini kwenye 1,260, mahali salama. Aliyefunga flaiwili nyepesi, lile gurudumu zito la nyuma ya injini likiwa limepunguzwa uzito, lazima apandishe namba hiyo zaidi, kwa sababu injini yake hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Vivyo hivyo kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Aidha, namba ya kukata na ya kurudisha zisilingane. Zikipishana kwa mizunguko mia chache, injini haitakata na kurudisha mfululizo mahali pamoja.

Muda wa kusubiri, nusu sekunde hadi sekunde moja, huzuia mafuta kukatwa kila dereva anapoachia pedali ili kubadilisha gia. Joto la maji nalo liwe limepita nyuzi 60 au 70, kwani injini baridi hushika kwa shida.

Wapo wanaofanya kinyume kwa makusudi: huyaacha mafuta yaendelee kuingia na kuchelewesha cheche ili ekzosi ilipuke kwa kishindo. Kwenye magari ya rali yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), mbinu ya jamii hiyo huifanya tabo iendelee kuzunguka, na timu hujua kwamba vipuri vitabadilishwa mapema. Kwa gari la barabarani, siishauri hata kidogo: petroli inayowakia kwenye ekzosi hupandisha joto la masega, yaani kisafisha moshi cha ekzosi, hadi kauri yake kuyeyuka, na valvu za kutolea moshi huumia pia.

Mtu anayetazama kipimo cha mchanganyiko kwa mara ya kwanza huogopa anapoona kimekimbilia upande wa hewa nyingi mno mafuta yanapokatwa. Hakuna hatari, kwa kuwa pasipo mafuta hakuna kinachowaka. Hatari ni kuiacha kompyuta ijisahihishe kwa usomaji huo, maana itaongeza mafuta mahali ambapo hayakupungua.

Hapa niwaambie pia wanaoweka nyutro kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga wakidhani wanaokoa petroli: injini ya nozeli za kompyuta ikiwa nyutro hutumia mafuta ya sailensa, ikiwa kwenye gia haitumii kitu, na breki hupumzika.

Majaribio yafanyike kwenye barabara tupu, gia ya tatu, kompyuta ikirekodi. Achia pedali kwenye mizunguko 3,500 na uache gari lipungue lenyewe bila kugusa kitu. Kwenye rekodi, muda wa nozeli kufunguka unapaswa kuwa sifuri, kisha urudi kabla gari halijaanza kutikisika. Likikupiga kichwa mbele mafuta yanapokatwa, chelewesha cheche taratibu kabla ya kukata, ikiwa kompyuta yako inaruhusu. Rudia ukikanyaga klachi ghafla, na mara nyingine kiyoyozi na taa zikiwa zimewashwa.