Hatuupeleki Pemba "tu"

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayetaka kutusaidia nauli: "Mchezo si mnao tayari? Basi Pemba mnaupeleka tu." Hilo "tu" nimelisikia mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa kirefu.

Igizo letu lina waigizaji 4 na mpiga dumbaki. Kaka anaificha sehemu ya urithi ya dada yake katika shamba la mikarafuu la marehemu baba yao. Mjini Unguja, ndani ya Ngome Kongwe, lilikwenda dakika 70 na watu wakapiga makofi. Nikaamini tumemaliza.

Ya safari nayapitia haraka. Kibali, sheha (kiongozi wa mtaa au kijiji), jenereta: vyote vinataka mtu wa kuvifuatilia wiki kadhaa kabla. Maleba na vifaa vienee mikoba mitatu, maana kutoka bandarini Mkoani hadi Wete mnapanda gari ya abiria kama watu wengine. Kusi ikivuma, bahari ya Nungwi haina huruma, na aliyetapika njia nzima, usiku hana sauti, kwa hiyo siku ya kufika hatuonyeshi. Kuanza ni baada ya Isha.

Onyesho la kwanza Pemba tuliliweka kiwanja cha skuli, nje kidogo ya Wete. Mwigizaji wangu akapanda ngazi ambayo ndiyo mkarafuu wetu, akaanza kuchuma punje moja moja, taratibu. Mjini hapo ndipo watu walipokuwa wakitulia kabisa. Hapa walicheka. Bibi mmoja aliyekaa mbele hakucheka. Alisema, "Mwanangu, karafuu haichumwi hivyo. Utamaliza lini?"

Karafuu huchumwa kichala kizima na konyo lake, yaani kijiti kinachoshika punje, tawi likivutwa pole pole kwa ngoe, mti wenye ncha ya kulabu, lisivunjike. Punje hutenganishwa na makonyo baadaye, nyumbani, watu wamekaa juu ya jamvi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha alichochuma, kwa hiyo mikono haichezi.

Sasa wapo watakaosema: mfundishe mwigizaji kuchuma, muendelee. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu kosa halikuwa la mikono. Ile punje moja moja ndiyo iliyobeba mwendo wa igizo lote: maneno ya polepole, vituo virefu, dada akimwangalia kaka kutoka chini ya mti. Ukichuma kwa vichala, mwendo ule unakufa na mazungumzo yanakosa pa kusimama. Tulikaa barazani kwa mwenyeji wetu mpaka usiku mkubwa, tukaiondoa ngazi na shamba zima, tukabakisha jamvi na rundo la karafuu. Kaka na dada wanachambua. Mikono inakwenda mbio, midomo inasema habari za kawaida, na la urithi linaingia pale mikono inaposimama. Dada hapazi sauti tena. Anaacha kuchambua, na uwanja mzima unajua kuna jambo.

Na kiwanjani watu wanakuzunguka, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Kaka akisema "shamba nimelilea mimi" akiwaelekea wanaume, anaomba kuungwa mkono. Maneno hayo hayo akiwaelekea wanawake, anatisha. Ngome Kongwe, watazamaji wote wakiwa mbele yetu, hatukuwahi kuliona hilo.

Tuliporudi Mjini tulirudi na jamvi. Igizo sasa ni dakika 55.

Liko moja sijalimaliza moyoni. Kijiji kimoja wazee walituomba tuitoe sentensi ya dada anaposema atakwenda kwa kadhi. Tuliitoa. Onyesho lilikwenda vizuri, na wanawake walibaki wakizungumza na mwigizaji wetu muda mrefu. Lakini sentensi ile ndiyo iliyonifanya niandike igizo. Kila nikiukumbuka usiku ule najiuliza kama tuliwasikiliza wenyeji au tuliogopa, na jibu sijalipata. Mwezi ujao tunakwenda Micheweni, na sentensi nimeirudisha.

Mwenye nauli nimemjibu kwamba tunahitaji pia chakula na malazi ya siku tatu kabla ya onyesho, tufanye mazoezi huko huko, mchana, mbele ya yeyote atakayependa kusimama na kutusahihisha.