Unga wa kapsuli hauponyi kidonda

"Dokta, nipe kapsuli mbili za rangi mbili, za kumwagia." Ombi hili halikatiki kwenye famasi za Unguja na Pemba, na linapofika huwa limeshaamuliwa nyumbani: mtoto ana kidonda mguuni, jirani alitumia akapona, kilichobaki ni kufungua ganda na kumwaga unga. Ukikataa kuuza unaonekana mchoyo. Tuanze na hili basi, maana limetuchosha.

Wanasema unga hukausha kidonda. Hukausha kweli, na balaa liko hapo hapo. Ndani ya ganda hamna dawa tupu. Mna amoksilini au ampisilini, antibayotiki za jamii ya penisilini, pamoja na vijazio kama wanga, talki na magnezi stearati, vilivyotiwa ili mashine ijaze ganda vizuri na dawa ikayeyukie tumboni. Tumboni kuna maji ya kutosha, kwenye kidonda hakuna. Unga ukikutana na majimaji ya kidonda unakuwa uji, uji unakauka, na asubuhi yake unakuta gamba la manjano limeshika kama ukoko wa chungu. Juu pakavu, mama amefurahi. Sasa bonyeza ukingo wa gamba lile kwa kidole, taratibu: usaha unachomoza pembeni. Bakteria wameezekewa paa. Talki iliyozama ndani mwili hauwezi kuiyeyusha, na wakati mwingine huizungushia vinundu vigumu vinavyobaki hata baada ya ngozi kufunga.

Na hao wadudu wenyewe? Vidonda vya usaha husababishwa zaidi na stafilokokasi na streptokokasi. Stafilokokasi walio wengi hutoa kimeng'enya kinachoikata amoksilini kabla haijafanya kazi yoyote. Kwa hiyo umemwaga dawa ya kumeza, mahali pasipo pake, juu ya mdudu asiyeiogopa. La mzio ndilo baya zaidi. Penisilini ilipokuwa mpya ilitengenezwa hata kwa kupakwa kwenye ngozi, ikaachwa, kwa sababu ngozi huufundisha mwili upesi kuikataa dawa. Mtoto anayemwagiwa kapsuli leo anaweza kuja kuhitaji sindano ya penisilini kesho kutwa, mwili ukamgeuka.

"Mbona wangu alipona?" Alipona kwa dawa ambayo hukuinunua. Ngozi hutengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zenye kazi ya kuua bakteria: kuna jamii ya defensini, na kuna moja iitwayo LL-37, yenye amino asidi 37. Ngozi ikichanika, utengenezaji wake huongezeka. Peptidi hizi zina chaji chanya na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo hunasana, peptidi ikajipenyeza na utando ukavuja. Seli zetu kwa nje hazina chaji hasi kiasi hicho, ndiyo maana husalimika. Kidonda kidogo, safi, cha mtoto anayekula vizuri, hujimaliza chenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kapsuli hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na ngozi.

Anayetaka unga kwa lazima, upo uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi: poda ya antibayotiki mbili, neomaisini na basitrasini. Soma ubavuni mwa kopo: kwa kawaida kila gramu ina yuniti 250 za basitrasini na miligramu 5 za neomaisini. Basitrasini nayo ni peptidi, ila ya bakteria wa jamii ya basilasi. Iligunduliwa mwaka 1943 kutoka kwenye jeraha la mguu la msichana wa Kimarekani, Tracy, na jina lake limo ndani ya jina la dawa. Huwazuia bakteria kujenga ukuta wao. Ikidungwa huumiza figo, lakini kwenye ngozi nzima haipenyi kwa kiasi cha kujali, ndiyo maana imebaki dawa ya kupaka. Hata poda hii ni ya kunyunyiza kidogo, uione ngozi chini yake. Kidonda kinachotoa maji mengi kinataka gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na kusafishwa. Ukikimwagia poda utapata ukoko ule ule.

Namna ya kufanya ni hii. Nawa mikono. Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, kijiko cha usawa kisicho na kilele, yaani gramu 9 hivi, kisha yaache yawe vuguvugu. Lowesha gozi, liweke juu ya gamba dakika 10, gamba litaachia lenyewe. Usilibandue kavu, litaondoka na ngozi mpya. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Paka mafuta ya tyubu, ya neomaisini na basitrasini zile zile, utando mwembamba mara mbili au tatu kwa siku, funika, badilisha gozi kila siku na kila linapolowa. Siku ya tatu hakuna nafuu, nenda hospitali, usiende kununua tyubu nyingine. Kwa vile vidonda vya watoto vyenye gamba la rangi ya asali puani na mdomoni, basitrasini ni dhaifu. Omba uandikiwe mafuta ya antibayotiki nyingine, mupirosini asilimia 2, siku 5. (Hiyo si peptidi, lakini ndiyo inayofanya kazi.) Na pakianza kuwasha na wekundu ukatambaa kufuata umbo la mahali ulipopaka, acha dawa: huo ni mzio wa neomaisini au basitrasini, na watu huudhani kidonda kimezidi, wakaongeza kupaka.

Dawa inayochoma ndiyo inayoponya? Spiriti na maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) huchoma, lakini kuchoma si kuponya: yanaua seli zako pia. Mwisho wa maneno.

Kidonda kiachwe wazi kipigwe upepo? Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionesha kwa nguruwe kuwa jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu hufunga ngozi karibu mara mbili ya kasi ya lililoachwa likauke. Na inzi wetu hawasubiri kukaribishwa.

Jipu halitibiwi kwa tyubu. Usaha umefungiwa chini, mafuta yako juu, havikutani. Kanda kwa kitambaa cha maji moto ya kuvumilika dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, mpaka liive. Likikataa, lipasuliwe na mhudumu wa afya. La puani au juu ya mdomo usiliminye hata likuwashe vipi, maana mishipa ya hapo ina njia ya kwenda kichwani.

Maji ya bahari ni suala la pwani nzima, hasa kwa kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani. Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa lita, karibu mara nne ya maji yale ya kuoshea. Chumvi nyingi huziba ule mvuto wa chaji, defensini zikapoa, kwa hiyo unadhoofisha askari wako mwenyewe. Isitoshe, maji ya bahari yenye joto hukaa bakteria wa jamii ya vibrio. Ukikatwa na chaza, toka, osha kwa maji safi yanayotiririka, funika. Mguu ukivimba na kutoa malengelenge ya rangi ya damu ndani ya siku moja, hospitali usiku huo huo, usingoje kukuche.

Kuna na wanaoingia wakiwa wamesoma kuhusu dawa ya chura. Ni kweli: mtafiti Michael Zasloff alizitoa peptidi ziitwazo magainini kwenye ngozi ya chura wa Afrika mwaka 1987, ikatengenezwa pexiganan ya kupaka vidonda vya miguu ya wenye kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa kutoonesha ubora kuliko antibayotiki ya kumeza iliyokuwapo, na majaribio yaliyotangazwa 2016 hayakuonesha kuwa inashinda mafuta matupu. Wala si kweli kwamba bakteria hawawezi kuzizoea peptidi. Stafilokokasi hubadilisha chaji ya utando wake ikazisukuma. Mwenye sukari mwenye kidonda cha mguu, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, avue kiatu mbele ya daktari wiki hii.